Leso Ilizaliwa kwa Fundi, Haikuzaliwa Kiwandani

Kuna maneno mawili nayasikia sana hapa Eastlands na yote yananikera. La kwanza: "Hiyo si nguo mpya, ni mtumba umerekebishwa." La pili: "Fashoni inatoka majuu, sisi tunaiga tu." Ukiyaweka pamoja unapata imani moja, kwamba mwenye nguo ni yule wa kiwanda, na anayeirekebisha ni mtu wa kuhurumiwa.

Leo nataka kuivunja hiyo imani na historia, na ushahidi wangu uko kwenu nyumbani sahi. Umefunika kochi, ama umembeba mtoto wa jirani, ama mathe amejifunga kiunoni akisukuma chapo. Naongea kuhusu leso. Wasee wengi wanadhani leso ni nguo ya kienyeji imekuwako tangu zamani za kale, wengine wanadhani ni kitu Wahindi walituletea ikiwa tayari. Zote si kweli. Leso ilianza pale wanawake wa pwani walipochukua kitambaa cha watu wengine, wakakikata, wakakiunga upya kwa njia yao, na viwanda vya ng'ambo vikabaki kuwafuata.

Lakini ili uelewe uzito wa hiyo kitu, lazima kwanza tuone venye watu walikuwa wanachukulia kitambaa kabla ya nguo kuwa rahisi.

Kufumua nguo nzima

Tuanzie Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo. Karibu mwaka 1516, Mreno aliyeitwa Duarte Barbosa aliandika kitabu kuhusu nchi za Bahari ya Hindi. Kuhusu Waislamu wa Sofala alisema kitu ambacho ilibidi nisome mara mbili. Walikuwa wanalima pamba yao na kufuma nguo nyeupe, lakini mambo ya kutia rangi hayakuwa yao. Basi walinunua vitambaa vya buluu vilivyotoka Cambay, huko Gujarat, India, wakavifumua uzi kwa uzi, halafu wakafuma upya wakichanganya ule uzi wa buluu na wao mweupe. Ikatoka nguo ya rangi mbili, na nguo hiyo iliwaletea dhahabu nyingi kutoka bara.

Hebu fikiria hiyo kazi. Umepata kitambaa kizima, hakina hata tundu, kimevuka bahari, na unakaa chini kukivuta nyuzi hadi kiishe. Hakuna mtu hufanya hivyo juu ya umaskini. Unafanya hivyo juu unajua mteja wako anataka nini, na kile kimekuja na jahazi sicho anachotaka.

Hiyo ni miaka 500 iliyopita, na fundi alikuwa tayari kazini.

Hata wale wa London walikuwa wanapeleka kwa fundi

Sasa twende Uingereza ya karne ya 18, juu huko ndiko watu hudhani gauni lilizaliwa likiwa kamili. Pamba ya India, ile ambayo majahazi yalikuwa yanaleta pwani yetu, ilikuwa pia inafika London kwa meli za East India Company. Ilikuwa imechapwa maua, haichuji rangi ukiifua, na ni nyepesi kuliko sufu. Wanawake waliipenda vibaya sana. Wafumaji wa sufu na hariri walikasirika hadi mwaka 1719 wakawa wanawavamia wanawake barabarani na kuwararulia gauni za pamba wakiwa wamezivaa. Mwaka 1721 Bunge likapitisha sheria ya kukataza pamba nyingi za kuchapwa, na sheria hiyo ilikaa hadi 1774. Ufaransa ilikuwa imekataza mapema zaidi, mwaka 1686, ikaachilia 1759. Watu waliendelea kuvaa tu. Marufuku ya nguo haijaanza na serikali za Afrika Mashariki, na tutarudi hapo.

Kilichonivutia mimi zaidi ni venye hizo gauni zilishonwa. Wakati huo kitambaa ndicho kilimeza pesa. Mkono wa fundi ulikuwa rahisi. Kwa hivyo gauni lilishonwa likijua litafumuliwa. Sketi iliungwa kwa mishono mirefu ya haraka ambayo unaweza kuchomoa bila kuumiza kitambaa. Upana wote wa kitambaa ulikunjwa marinda badala ya kukatwa, ndio kibaki kizima kwa ajili ya kesho. Mtindo ukibadilika, unafumua na kushona upya. Ukinenepa, unaachilia marinda. Binti akikua, anakatiwa lake kutoka kwa la mamake. Tajiri akichoka nalo anampa mjakazi wake, na mjakazi analirekebisha ama analipeleka kwa wauza nguo kuukuu. London ilikuwa na mitumba yake.

Leo ukiangalia gauni za karne hiyo ambazo ziko kwa makumbusho, nyingi zina matundu ya sindano za zamani, mistari mahali rinda liliachiliwa, na vipande vidogo vya kuunganisha vilivyofichwa kwapani. Kuna gauni zilizoanza maisha miaka ya 1740 na kushonwa upya miaka ya 1770 ama 1780 kwa umbo lingine kabisa. Na waliokuwa wanafanya hivyo hawakuwa maskini pekee. Wake za matajiri walifanya, na hakuna aliyewaona wameshindwa na maisha.

Sasa turudi kwetu. Karne iliyofuata, hapa pwani, kurekebisha kitambaa kulikuwa na uzito zaidi ya mtindo.

Merikani

Mwaka 1833 Sultani Said bin Sultan alitia saini mkataba wa biashara na Marekani. Mwaka 1837 Marekani ikamweka konsuli wake wa kwanza Zanzibar, Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Meli za Salem zilikuja kuchukua pembe za ndovu na sandarusi. Zilileta kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, kigumu, hakina ua wala mstari. Watu wa pwani wakakiita kwa jina la kilikotoka: merikani. Jina liliingia hadi bara, ambako kitambaa hicho kilipimwa kwa mikono na kutumika kama pesa kwenye misafara.

Shikilia hapo kidogo. Pamba ya merikani ilichumwa na Waafrika watumwa kusini mwa Marekani. Ikafumwa Massachusetts. Ikazunguka bahari. Ikafika Zanzibar, ikavaliwa na Waafrika watumwa.

Na Zanzibar ya wakati huo nguo ilikuwa kitambulisho. Ungemwona mtu kwa mbali na ujue ni mwungwana ama ni mtumwa. Mwanamke wa shambani alijifunga kitambaa kimoja cha merikani chini ya kwapa, mabega wazi. Kujifunika kichwa kulikuwa kwa waungwana. Viatu pia. Haikuwa tu kwamba hangeweza kununua. Hakuruhusiwa kuonekana hivyo. Kichwa wazi kilikuwa kama kipande ambacho watu wetu walivalishwa shingoni baadaye wakati wa mkoloni, tofauti ni kwamba hiki hakikuandikwa.

Wanawake walianza kurekebisha na kile kidogo walikuwa nacho. Walichukua merikani wakaitia nili hadi ikawa ya buluu nzito karibu nyeusi. Hiyo ndiyo kaniki. Kaniki nyingine ilitoka India ikiwa tayari, lakini ile ya kutiwa rangi palepale inaonyesha kitu: hata mtu ambaye sheria ilimwona kama mali, alipopewa kitambaa cheupe hakukiacha vile kilikuja.

Na usidhani walikuwa wateja wa kudanganywa. Viwanda vya Uingereza vilijaribu kuiga merikani mapema, watu wakaigusa, wakaifua, wakaikataa. Ilibidi vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vivuruge biashara ya pamba ndio merikani ya Uingereza na baadaye ya Bombay ipate nafasi kubwa sokoni. Hata hapo ilibidi iendelee kuitwa merikani.

Mraba sita, mkasi mmoja

Sasa tufike kwa leso yenyewe.

Neno leso ni la Kireno, lenço, na maana yake ni kitambaa cha mkononi ama cha kichwani. Tangu enzi za Wareno miraba ya pamba yenye rangi ilikuwa inauzwa pwani. Kufikia karne ya 19 miraba hiyo ilikuwa inakuja imechapwa kwenye jora moja refu, mmoja baada ya mwingine, na mwenye duka anakukatia mmoja mmoja.

Robo ya mwisho ya karne hiyo, wanawake wa pwani wakaanza kununua kwa njia ambayo mwenye duka hakuitarajia. Badala ya mraba mmoja, walitaka sita bila kukatwa. Wanapata kipande kirefu cha miraba sita, wanakikata katikati, wanabaki na vipande viwili vya miraba mitatu mitatu. Halafu wanaviweka sambamba na kuviunga kwa sindano. Unapata kitambaa kimoja kipana, miraba mitatu kwa miwili, chenye maua na mistari iliyojipanga venye hakuna kiwanda kilikuwa kimepanga. Ziliitwa leso za kushona.

Zanzibar wanasema ilianzia kwao, Mombasa nao wanasema ni kwao. Mimi ni mtu wa Nairobi, siingii hiyo vita. Kitu watu wote wanakubaliana ni kwamba mkasi na sindano vilitangulia, kiwanda kikafuata. Wenye maduka waliona leso za kushona zinatoka kwa kasi, wakaagiza kitambaa kinachochapwa kikiwa kimeshaungana, kipande kimoja, chenye pindo pande zote na mji katikati. Mojawapo ya miundo ya mapema ilikuwa na madoa meupe kwenye rangi nyeusi, kama manyoya ya kanga, ndio jina kanga likaingia. Sisi Wakenya tuliendelea kusema leso. Kila mara unaposema hilo neno, unataja ule mraba uliokatwa.

Cheki leso yoyote leo. Pindo, mji, na zile mbili zinazouzwa pamoja kama doti. Ule umbo wote ulipimwa na mwanamke aliyekuwa na sindano mkononi.

Kipande cha pili kilienda kichwani

Kwa nini hiyo nguo ilishika moto wakati huo? Angalia tarehe. Mwaka 1873 Sultani Barghash alilazimishwa kufunga soko la watumwa la Zanzibar. Mwaka 1897 utumwa wenyewe ukaondolewa kisheria Zanzibar, na mwaka 1907 pwani ya Kenya. Hiyo ndiyo miaka leso ilizaliwa na kukua.

Doti ina vipande viwili. Kimoja unajifunga kifuani ama kiunoni. Cha pili unajitanda kichwani na mabegani. Kile kichwa ambacho jana kilikuwa lazima kikae wazi, leo kimefunikwa, na kimefunikwa kwa rangi, na ukipita barabarani hakuna anayeweza kukusoma kirahisi kama mali ya mtu. Wanawake walioachwa huru, na watoto wao, walitupa merikani na kaniki na kuvaa leso. Wanahistoria wa Zanzibar wameandika sana kuhusu hii, venye watu walibadilisha nguo ndio wabadilishe jina lao mjini, kutoka mtumwa hadi Mswahili ama Mzanzibari.

Ndio maana mtu akiniambia "ni nguo tu" namwambia asome tena.

Halafu ikaja ile sehemu inanifurahisha zaidi. Wakishapata uhuru wa kuchagua, walichagua vikali. Muundo ungevuma kwa miezi michache halafu ufe, na mwenye duka anabaki na marobota ambayo hakuna mtu anataka hata kuyagusa. Kwa hivyo wafanyabiashara wa Kihindi wa Zanzibar na Mombasa wakawa wasikilizaji. Walichora kile wateja wanataka, wakatuma kwa viwanda vya Uingereza, Uholanzi na India, na baadaye Japani. Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kama Abdulla, alifungua duka mwaka 1887 ambalo bado liko Biashara Street, na leso zake zina alama ya "Mali ya Abdulla". Ndiye anayetajwa kuwa alianza kuweka misemo ya Kiswahili kwenye leso, mwanzoni mwa karne ya 20. Ile sehemu ya maneno ndiyo tunaita jina. Mwanzoni iliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye za Kilatini. Hebu wazia mfanyakazi wa Manchester anapanga herufi za Kiswahili, hajui maana yake, juu mwanamke fulani wa Old Town anataka kumtusi mke mwenzake kwa heshima.

Hiyo ndiyo nguvu. Hatukuwa na kiwanda, lakini tulikuwa na oda.

Hadi Majengo

Leso ilikuja Nairobi na watu waliofuata reli, ambayo ilifika hapa 1899. Mkoloni alipoanzisha Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920 kama mtaa rasmi wa Waafrika, wengi waliojenga Majengo walikuwa Waislamu waliozungumza Kiswahili, na idadi kubwa ya wenye nyumba walikuwa wanawake, wenye nyumba zao na wapangaji wao. Kwa hivyo mtu akikuambia Eastlands haina historia ya fashoni, mkumbushe kwamba mtaa wake wa kwanza ulikuwa na wanawake wenye ploti waliojitanda leso.

Na ukitoka Majengo ukishuka tu hatua chache kuelekea mto, uko Gikomba.

Sasa tuongee kuhusu bale

Hapa ndipo historia inageuka, na sitaki kuipaka asali.

Kenya ilikuwa na viwanda vya nguo. Kicomi ilikuwa Kisumu, Rivatex na Raymond zilikuwa Eldoret. Serikali ilizuia nguo za nje, mitumba ikiwemo. Miaka ya 1990 soko likafunguliwa. Mitumba ikaingia kwa wingi, pamoja na nguo mpya za bei ya chini kutoka Asia, na viwanda vilivyokuwa tayari na shida za mashine kuzeeka, umeme ghali na usimamizi mbovu vikaanguka kimoja baada ya kingine. Rivatex ilifungwa, ikaja kununuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007. Wakati huohuo, chini ya mpango wa AGOA wa mwaka 2000, watu wetu wanashona nguo mpya Athi River zinazopelekwa Marekani, halafu sisi tunangoja zivaliwe, zichokwe nazo, zifungwe kwa bale, zirudi.

Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kumaliza mitumba kufikia 2019. Marekani ikatishia. Kenya ikarudi nyuma haraka. Rwanda ilikataa kurudi nyuma, na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishwa kwa AGOA. Mwaka 2020 Kenya ilizuia mitumba kwa miezi michache juu ya korona, halafu ikafungua Agosti.

Kila hii mada ikitokea, naskia pande mbili tu. Upande mmoja unasema mitumba iliua viwanda. Wa pili unasema mitumba imelisha familia na imevalisha watu ambao hawawezi bei ya duka. Zote ni kweli. Lakini ukishajua stori ya leso unaona kitu cha tatu ambacho hakuna mtu anataja.

Tofauti kati ya nyanya zetu wa leso na sisi si kwamba wao walivaa mpya na sisi tunavaa kuukuu. Tofauti ni kwamba wao waliagiza, sisi tunafungua. Mwenye duka wa Mombasa alituma mchoro. Mfanyabiashara wa Gikomba ananunua bale ikiwa imefungwa na anaomba Mungu. Akifungua, zile safi kabisa zinatolewa kwanza kama kamera, zinazofuata zinashuka bei, na za mwisho zinakuwa fagia. Hakuna mtu huko zilikotoka aliuliza dem wa Kayole anapenda shingo gani. Hakuna anayejua akiikataa. Zamani ukikataa muundo, mtu Manchester aliona hasara. Leo ukikataa nguo, inaishia kwa Nairobi River.

Tulipoteza oda. Hiyo ndiyo hasara yangu kubwa, kuliko hata lebo ya "Made in Kenya".

Mahali oda bado iko

Imebaki mahali pamoja tu. Nenda pale mafundi wamepanga cherehani Gikomba, bega kwa bega, wengine na Singer za kukanyaga, wengine na Juki za umeme, na simama dakika kumi uangalie kazi.

Gauni la pamba la maua limetoka kwa bale, saizi ya mtu mkubwa wa Ulaya, limefika magotini kwa namna ya kuchosha. Fundi analigeuza ndani nje. Anachora mstari na kipande cha sabuni. Anafumua mbavu zote mbili, anashusha kwapa, anabana kiuno, anakata mikono. Ile mikono haitupi, anaifanya mshipi ama kola. Pindo lililokatwa linakuwa mfuko. Anapitisha ovaloku pembeni, na kabla hujamaliza chai yako kuna gauni ambalo halikuwako asubuhi. Wengine wanaunganisha shati mbili za wanaume kutoa rinda moja. Wengine wanachukua leso ya mathe, doti nzima, wanatoa dera la harusi, na wanahakikisha jina linakaa mgongoni mahali linasomeka. Mkononi mwao kuna ujuzi uleule wa fundi wa London wa 1770, wa kusoma kitambaa na kukiacha kikiwa bado na kesho.

Pale ndipo mtu bado anauliza: unataka iweje? Ni swali rahisi lakini hakuna mwingine kwa ule mnyororo wote, kutoka kiwanda hadi kontena hadi bale, ambaye amekuuliza.

Na bado venye tunamchukulia huyo mtu ni noma. Utalipia gauni mia nne bila kelele, halafu unapigana na fundi juu ya shilingi hamsini. Utalipiga picha uweke Instagram, utaje soko, utaje hata lebo ya kampuni ambayo haijui uko, na fundi humtaji. Kuna watu wa mji wanauza nguo za kuungaunga vipande kwa maelfu, wanaziita ubunifu. Kazi ileile Gikomba inaitwa kurekebisha.

Sisemi mafundi watarudisha Kicomi. Hawawezi. Cherehani moja haiwezi kushindana na kontena, na nchi ya watu wengi hivi inahitaji viwanda, pamba ya wakulima na umeme wa bei nafuu. Mtu akinionyesha mpango wa kweli wa hivyo vitu nitaushabikia. Lakini nikiangalia historia naona viwanda vya leso havikuleta ladha. Vilikuta ladha iko, imepangwa na watu wenye mkasi ambao walijua wanataka nini na walikataa kile hawataki. Tukiwa na kiwanda kesho asubuhi na tusiwe na wateja wa kuagiza, kitatushonea tu kile ambacho kila mtu anashona.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo. Ukienda kwa fundi, usimwambie tu "nipunguzie". Enda na wazo. Chora hata kwa karatasi ya mandazi. Mwambie shingo unataka iwe namna gani, mfuko ukae wapi, mstari wa maua ukutane na upi. Mlipe vile kazi iko. Muulize jina lake, na mtu akikusifu, lilitaje.

Na kama nyanyako bado yuko, muulize kama amewahi kuona leso ambayo ina mshono katikati. Akisema ndiyo, niandikie. Nataka kuiona.